Pampu ya Joto na Saa za Baba

Jumatatu, 8 Januari 2024
Saa kumi na mbili asubuhi, digrii kumi na sita. Niliagiza ishirini! Kile kisanduku cha ukutani kinachoongea na simu yangu hushusha joto usiku hadi kumi na nne, halafu asubuhi pampu ya joto, mashine inayopasha nyumba nzima, inahangaika kulipandisha. Ikishindwa, inawasha hita ya umeme iliyo ndani yake, ile inayofyonza umeme bila huruma. Baba yuko mezani na koti na kofia, anakunywa kahawa. Hasemi kitu. Afadhali angesema.

Jumanne, 9 Januari
Leo amesema. Kwamba jiko lake la kuni halikuwahi kuhitaji simu. Kwamba nyumba yake ya shambani kule Drummond haijaanguka. Nikamkumbusha onyo la daktari kuhusu moshi na mapafu yake — ndiyo maana nilimhamishia kwangu Oktoba. Akajibu kwamba daktari hajawahi kulala hapa kwangu.

Jumatano, 10 Januari
Nimesoma kijitabu chote cha maelezo ya pampu kazini, wakati wa chakula. Kumbe kuna mpangilio wa kujipasha mapema: unataja saa unayotaka joto, kisanduku chenyewe kinapiga hesabu kianze lini. Ulikuwa umezimwa. Nani aliuzima? Mimi! Nikidhani naokoa umeme.

Nimeuwasha kwa simu. Kufika nyumbani jioni — kisanduku kiko ishirini na sita, hita ya umeme inanguruma. Baba amebonyeza. Anaamini ukitaja namba kubwa joto linakuja mbio. Nikamweleza kwamba haliji mbio, linapitiliza tu. Akauliza, basi hizo namba kubwa wameziweka za nini.

Alhamisi, 11 Januari
Asubuhi hita imewaka tena, licha ya mpangilio wangu. Nimempigia Lisette, fundi aliyefunga pampu. Akacheka kwanza.

"Dada, hilo si jiko. Unaiangusha shimoni usiku, halafu asubuhi unataka iruke. Shusha digrii mbili tu, iachie muda ipande taratibu."

Akanielekeza pia namna ya kuizuia hita isiwake mpaka baridi ya nje ipite kumi na tano chini ya sifuri. Digrii mbili! Miezi mitatu nashusha sita, najiona mjanja.

Ijumaa, 12 Januari
Saa kumi na mbili, ishirini kamili. Hita haikuwaka kabisa. Nilikaribia kupiga kigelegele.

Baba na kofia yake vilevile. Nikampa kikombe, mikono yake baridi. Nikakasirika — ananifanyia makusudi? Ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba huwa amekaa hapo tangu saa kumi alfajiri. Kila siku. Miaka hamsini ya ng'ombe na viazi, mwili haujui kustaafu.

Nyumba nzima naipasha kwa saa yangu. Sikuwahi kumuuliza baba yangu anaamka saa ngapi.

Jumamosi, 13 Januari
Nimebadilisha: ishirini ifike saa kumi. Imefika. Nilipoamka alikuwa kichwa wazi, vifungo vya koti vimefunguliwa. Akasema sasa ni sawa. Kisha akauliza afanye nini mpaka mimi niamke. Nikamwambia apumzike. Nikadhani nimemjibu.

Jumapili, 14 Januari
Jikoni joto tele, kiti kitupu. Pikapu yake haipo. Kabla sijavaa viatu, Normand, jirani yake wa kule Drummond, akapiga simu: bomba la moshi la mzee linafuka, nina habari?

Nimeendesha juu ya barafu nikimgombeza peke yangu njia nzima. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya jiko, anapanga vijiti, uso mwekundu, anakohoa. Nikafoka. Joto si nimeweka? Saa yake si nimeifuata? Nini tena?

Akafunga mlango wa jiko polepole.

"Joto lako ni zuri, Ghislaine. Lakini linakuja lenyewe. Mimi kazi yangu ipi?"

Naandika kwenye meza yake, shajara ilikuwa mkobani. Yeye ametoka nje kuleta kuni zaidi. Namsikia bandani — gogo, kikohozi, gogo. Nimeshasimama mara mbili. Sijui niende nimzuie au nimsaidie kubeba.