Meno ya Sista Eugenia

Mpendwa Mama Katunge,

Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu upesi, maana jambo hili limenikaa kooni. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya masista wazee karibu na Mwatate, kazi yangu ni kuwaosha, kuwavalisha na kuwatandikia, na kati yao yuko Sista Eugenia, Mtaita wa miaka themanini na mmoja aliyefundisha shule maisha yake yote, na mimi ndiye nilikuwa nikimsugulia meno yake ya bandia kila asubuhi, sasa wiki tatu zilizopita nilikuwa nayo pale kwa karai nikageuka kumsalimia mpishi wetu Ndambuki, yakaniponyoka yakaanguka kwa simiti yakavunjika vipande vitatu, na kwa vile mhudumu wa kabla yangu alifutwa kwa kuvunja birika tu, nikayafunga kwa kitambaa nikayaficha chini ya godoro langu.

Siku hiyo Sista hakula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wala kesho yake, akawa anafunika mdomo kwa mkono na haongei na mtu, Mama Mkuu akamwuliza, "Sista, umefunga?" naye Sista akanitazama mimi, halafu akainamisha kichwa, basi Mama Mkuu akatangaza mezani kwamba Sista Eugenia amefunga kula na kusema ili tupate mvua, na tangu hapo hawekewi sahani, anapewa chai ya maziwa tu, wenzake wanakuja kupiga magoti kando ya kitanda chake wakimwomba awaombee, na wiki jana mvua ikanyesha Mbololo yote, hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa.

Sasa amekonda mpaka pete yake inamtoka kidoleni, nimeikaza kwa uzi, na mwisho wa mwezi mpwa wake Mwandawiro anakuja kutoka Voi kumwona, na Mama Mkuu ameniagiza nimweleze kwamba shangazi yake yuko katika mfungo mtakatifu. Nikisema ukweli nitafukuzwa, tena naogopa kuharibu imani ya watu, maana pengine Mungu ametumia mkono wangu ili Sista apate utakatifu. Je, ninyamaze?

Ni mimi Mwenye Hofu, Mwatate.

*

Mwenye Hofu,

Barua yako imefika jana na nimeiweka mbele ya nyingine zote. Nimeisoma mara mbili, ya pili nihakikishe kwamba kweli umeandika Mungu ametumia mkono wako. Mkono wako ulikuwa na shughuli ya kumsalimia Ndambuki, binti. Mungu mwache nje ya karai lenu.

Na nyumba yenyewe ndiyo hiyo? Mwanamke wa miaka themanini na mmoja hali wiki tatu, na katika watu wote hao hakuna aliyemwambia, hebu nione mdomo wako. Jumapili tatu zimepita, anafunga hata Jumapili? Kanisa lenyewe huwaondolea wazee mfungo, na Mama Mkuu analijua hilo kuliko mimi, lakini naona kwenu mtakatifu ana kazi kidogo kuliko mgonjwa. Mvua ya Mbololo ilinyesha kwa sababu ni Novemba.

Huyo mpishi naye anawapikia vikongwe mahindi na maharagwe kama vibarua wa mkonge. Hapo Taita kimanga, ule mseto wa ndizi au mihogo, hupondewa hata watu wenye meno yote, ninyi mmeshindwa kuponda ndizi.

Wewe unaniuliza kama unyamaze. Umeshanyamaza wiki tatu na faida yake umeifunga kwa uzi kidoleni mwake.

Sikiliza. Leo hii mkorogee Sista uji mwepesi wa maziwa, umpe kidogo kidogo, usimshindilie. Mwite muuguzi wa zahanati amwangalie. Kisha toa hicho kitambaa chini ya godoro, umpelekee Mama Mkuu mkononi, useme, "Niliyavunja mimi." Usianze na habari za birika, usilie kwanza. Mpelekee Mwandawiro habari Voi aje sasa, asingoje mwisho wa mwezi, avichukue vipande hivyo kwa daktari wa meno. Ukifukuzwa, utafukuzwa. Wewe una nguvu na unatafuna.

Limebaki moja, na hili ndilo limenikasirisha zaidi. Umeandika mwenyewe kwamba Mama Mkuu alipouliza, Sista alikutazama wewe kwanza, halafu ukaendelea na habari za mvua. Hukujiuliza kwa nini? Mtu anajua ni nani anayemsugulia meno. Na yule wa birika alifutwa mbele ya macho yake.

Hakufunga kwa ajili ya mvua, mwanangu. Alifunga mdomo ili wewe usipoteze kazi, na wewe ukamwacha na njaa yake. Nenda na kikombe cha uji, upige magoti kama wale wengine, umwambie sasa anaweza kuufungua mdomo.

Mama Katunge