Jina Nililolisoma Kalengera

Ijumaa, 21 Mei. Murara, Goma.
Uji, dawa, jua kidogo mlangoni. Kifua kinapiga filimbi. Daktari hasemi tena "utapona", anasema "pumzika". Basi niandike. Nimeficha jambo tangu uasi wa kwanza, miaka ya tisini. Nilikuwa agronomu, bwana shamba wa serikali, kule Kalengera. Si kila niliyemtangaza kuwa amepata mbegu za Leta, yaani za serikali, alizipata. Leo inatosha. Mkono umechoka.

Jumapili, 23 Mei.
Jana jioni mlima ulipasuka. Anga nyekundu. Binti yangu Espérance alitaka tukimbie, miguu yangu ikakataa. Lava ilisimama kabla ya kutufikia. Ile ya mlipuko wa zamani ilimeza nyumba yangu ya mbao, niliyoijenga baada ya Kalengera. Watu walinipa pole. Moyoni nilifurahi, nikadhani Mungu amejilipa. Upumbavu. Aliyenidai hakuwa Mungu.

Alhamisi, 27 Mei.
Amri: tutoke mjini. Ardhi inatetemeka, kuta zimepasuka. Espérance hununua maharagwe kwa mama mmoja wa Kalengera, anataka twende kwake. Nikasema afadhali twende Sake. "Papa, Sake tutalala wapi? Kwenye barabara?" Nikaomba koti langu. Vijana wamenibeba mgongoni kuvuka lava iliyokata barabara. Bado inafuka moshi.

Ijumaa, 28 Mei. Kalengera.
Mwenyeji wetu ni Mama Zawadi. Mjane wa Bahati, mmoja wa wale niliowatangaza. Naogopa.
Hanijui kwa sura. Vita vilimpeleka ng'ambo ya mpaka na watoto. Mumewe alirudi kwanza, peke yake. Mama aliporudi, mimi nilishahamia Goma. Amenipa kitanda chake.

Jumapili, 30 Mei.
Serikali inagawa mbegu tena. Desturi ni ile ile: majina husomwa uwanjani baada ya Misa, kila mtu asikie nani anapata. Aliyesomwa hawezi tena kuazima mbegu kwa jirani. Ana zake.
Mama Zawadi hakusomwa. Mzee mmoja akapaza sauti: "Weye Mama Mbegu ya Leta! Zile za bwana yako zimeisha?" Uwanja ukacheka. Naye akacheka.
Nyumbani, akichambua maharagwe: "Muzee, Bahati hakuleta hata punje. Batu banasema aliuza, akanywa. Hakuna mutu alituazima mbegu. Hata mimi niliamini. Nilimukasirikia mpaka akaenda kuchoma miti ikuwe makala, kule musituni. Hakurudi."
Kamati ya mbegu inapokea malalamiko hadi Jumapili ijayo.

Jumatano, 2 Juni.
Sijala. Espérance amepata gari la kututoa hapa Jumapili asubuhi. Nikinyamaza, nitazikwa kwa heshima, padri atanisifu. Nataka heshima hiyo. Naona aibu kuitaka.

Alhamisi.
Nimemwita Mama Zawadi. Alipokuja, nikaomba maji tu.

Jumapili, 6 Juni.
Nimekataa kupanda gari. Espérance amelia kwa hasira. Baada ya Misa vijana wawili wamenishika kwapani, nikasema: Bahati hakupata kitu, mbegu zake, na majembe yaliyokuja nazo, niliuza mimi.
Mmoja nyuma: "Muzee, rudilia, huku hatukusikia!"
Nikarudia. Hiyo ya pili ilikuwa ngumu zaidi.
Yule mzee mtani amevua kofia. Kamati imeandika jina la Mama Zawadi, ikalisoma papo hapo. Yeye hakunitazama.

Jumatatu, 7 Juni.
Mvua. Godoro langu limehamishiwa chumba cha maharagwe. Ni haki yake. Panya wawili, harufu ya magunia. Nimelala vizuri.
Asubuhi Mama Zawadi amesimama mlangoni, akauliza jambo moja tu: Bahati alijua kwamba ni mimi niliyemsingizia? Nimegeukia ukuta. Akirudi na uji nitamjibu. Naandika kwanza, nisije nikabadilisha jibu.
Alijua. Alikuja kwangu, kofia mkononi, akaniomba nisahihishe. Nikamwambia angoje Jumapili. Jumapili nikasoma jina lake tena, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza.