Ukija Ruracio, Usipige Mluzi

Kwako jirani yangu wa kitanda, huko Doldol,

Nasikia umerudi sokoni kununua ng'ombe, unasimama juani tangu asubuhi mpaka jioni, na suruali yako ni kavu. Aliyeniletea habari alidhani nitafurahi. Nilifurahi kidogo, halafu chakula kikanishinda. Kwa sababu uko mbali acha niseme wazi: nakuonea wivu, na si wivu mdogo.

Tuliingia ile wodi ya hospitali ya Nyeri wiki ile ile moja. Wewe ulikuwa umeanguka kutoka lori la mifugo, mimi niliteleza na mzigo wa wageni wa mlimani, na sote tuliumia uti wa mgongo pale chini. Miguu ilirudi, yako na yangu. Mishipa ya fahamu ya kibofu ndiyo iliyokataa kuamka. Sista alitufundisha pamoja: kunywa maji kwa saa, kwenda choo kwa saa, kukaza misuli ya chini na kuilegeza, wewe ukicheka ati tunafundishwa kazi ya watoto. Nilikuwa nakupenda wakati huo. Tulikuwa tumelowa sawa.

Kisha tukatolewa mipira ya mkojo, tukapelekwa chooni tujaribu wenyewe. Nikakusikia ng'ambo ya ubao ukipiga mluzi, ule wa polepole unaowapigia ng'ombe wakinywa maji.

"Wee mzee, hii kitu haitaki nguvu," uliniambia. "Inataka kubembelezwa."

Na wako ukatoka. Niliusikia wote, mpaka tone la mwisho. Mimi nilipiga mluzi hadi midomo ikakauka, na kibofu kimejaa tumboni kama jiwe. Sista alisema mishipa haiponi sawasawa kwa kila mtu, akanifundisha kujipitishia mpira mwenyewe kila baada ya saa nne, mikono ikiwa imeoshwa. "Hii si adhabu, baba. Inalinda figo zako." Niliitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwako, unakunja blanketi uende nyumbani.

Huku Naro Moru nilifanya ujinga wa wapagazi. Mlimani hatunywi sana asubuhi, kwa maana nani atatua mzigo kila kona akojoe? Basi nikaacha maji, nikaacha hata chai. Mkojo ukawa mzito, homa ikanibeba, nikarudishwa Nyeri. Sista akaniuliza, "Ati unajikausha ndio ukae mkavu?"

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Jumamosi watu wa Kianyaga, upande wa mchumba, wanakuja ruracio, mazungumzo ya mahari ya Wangari, binti yangu. Unajua mambo yetu, mazungumzo hayana haraka, na baba wa msichana hainukiinuki. Zaidi ya hapo, Wangari atapewa uji mbele ya wazee aulizwe kama tuunywe. Akikubali kuolewa, ataonja, kisha atamletea baba yake. Baba akikataa kunywa, amewakataa wageni.

Ndugu yangu Mwai ameshajitolea. "Wewe pumzika, mimi nitakaa hapo kwa niaba yako." Amenyoa hata ndevu. Yeye naye namwonea wivu, anavyokunywa chai vikombe vitatu na kukaa akipiga hadithi.

Nilikuwa karibu kukubali. Wangari akaniacha nimalize, akasema, "Baba, huyo ami nampenda. Lakini hiyo uji si yake."

Akaenda jikoni, akaniletea maji glasi nzima, akasimama pale mpaka nikayamaliza.

Kwa hivyo nitakaa. Mpira utakuwa katika mfuko wa koti ndani ya karatasi yake safi, na saa yangu ikifika nitainuka, hata kama wako katikati ya kuhesabu mbuzi wa mahari. Watu wa Kianyaga watangoja. Nikirudi nitaendelea pale tulipoachia. Naogopa, sitakuficha. Naogopa kusimama na watu waone kiti kimelowa.

Ndiyo sababu nataka uje. Katika wageni wote, ni wewe peke yako utakayejua nakunywa nini hasa nikiinua kile kikombe. Kaa upande wangu wa kulia. Lakini usidhani wivu umeisha. Ukishikwa na haja, pita nyuma ya mahindi, nenda mbali kabisa, na hata kama mkojo utoke taratibu namna gani, usipige mluzi.

Ni mimi,
jirani yako wa kitanda cha dirishani