Kijiji cha Viazi

Jumatano, Ilford

Na bado anashikilia kwamba kilikuwa kijiji kikubwa! Mzee Tadek, jirani yangu Mpolandi, leo kanipangia kijiji chao juu ya meza yangu ya jikoni: kisu ndio mto, viazi ndio nyumba, chupa ya chumvi ndio kanisa. Warusi walikitwaa, Wajerumani wakakichoma, Warusi wakarudi tena.

"Walivitakia nini hivi viazi vyako?" nikamuuliza. Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kisha akanisogezea vyote. "Haya, sasa chako."

Nikaanza kwa mbwembwe: hapa kwa bibi, hapa kisima, hapa njia ya kwendea mikarafuuni. Nikashika chumvi niweke msikiti. Nikaiweka kulia kwa kisima. Nikaihamishia kushoto. Nikairudisha. Tangu tulipokimbia Mapinduzi sijarudi, na mama, niliyekuwa nikimuuliza mambo haya, hayupo tena.

Mzee hakunicheka. Aliichukua chumvi mkononi mwangu, akaiweka katikati.

"Popote, binti yangu. Nani kabaki wa kutukosoa?"

Viazi tulivichemsha, tukavila bila chumvi. Hakuna aliyetaka kuigusa.