Ulizikwa Bila Kutukanwa

Mjomba,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu usiiulize. Miguu imevimba hadi kandambili za marehemu mume wangu ndizo pekee zinazonitosha, moyo unapiga unavyotaka wenyewe, na daktari siku hizi anazungumza na binti yangu Neema wakati mimi nimekaa hapohapo. Nimefundisha historia maisha yangu yote. Mtu akianza kusimuliwa mbele ya macho yake mwenyewe, najua anakoelekea.

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa bado naweza kushika kalamu. Nimekaa hapa Ilomba, kwenye kiti kilekile ulichokuwa ukikalia ulipokuja Mbeya kunitembelea, ukakilaumu kwamba kimetengenezwa na fundi asiye na makalio. Nina jambo la kuungama. Nililipeleka kwa padri, akaniondolea upesi mno, sijafika hata katikati, kwa sababu hakuona dhambi iko wapi. Padri wetu ni kijana. Basi nimeona nilirudishe kwa mwenyewe.

Ulizikwa bila kutukanwa, Mjomba. Na aliyezuia usitukanwe ni mimi.

Nikiukumbuka msiba wako nasikia kichefuchefu. Sitii chumvi, mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Kulikuwa na mgeni rasmi. Msibani. Bwana mmoja mkubwa kutoka Dar es Salaam, mwenye kumpa mwanao Deo kandarasi, ambaye hakuwahi kukutia machoni ukiwa hai. Alitengewa kiti kilichovishwa kitambaa cheupe. Kulikuwa na mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa, yuleyule anayeendesha harusi mjini Iringa, na mara moja ulimi ukamteleza akasema tusimame tuwapokee maharusi, wakati wewe ndiye uliyekuwa unaletwa. Hakuona haya. Alicheka kidogo, akaendelea. Kulikuwa na kidude cha kupiga picha kinachoruka angani kikivuma, kuku wa jirani wakakimbilia chini ya jeneza lako wakidhani ni mwewe. Hao kuku ndio pekee walioonyesha kukiogopa kifo siku ile.

Watu ambao hawakuja kukugeuza kitandani ulipokuwa na vidonda mgongoni walipanga foleni ya chakula, wakanung'unika kwamba wali umepoa. Vijana walivaa fulana nyeusi zenye picha yako kifuani, na picha waliyochagua ni ile ya harusi ya Deo, umevaa koti la kuazima ulilosema linakubana kwapa kama deni. Mshereheshaji akatuomba tumpigie mgeni rasmi makofi kwa kuacha shughuli zake. Nikapiga. Hilo nalo ulijue.

Siku uliyonipeleka shule Tosamaganga, mimi nilikaa kwenye keria ya baiskeli na sanduku langu la bati ulilibeba begani. Kwenye mlima ulishuka ukasukuma, jasho likikutiririka, ukikataa nishuke kwa sababu ulisema mwanafunzi hafiki shuleni na vumbi miguuni. Pale getini hukunipa nasaha kama wajomba wa wenzangu. Ulitazama uani kwa masista, ukaona yule bata mzinga wao anavyotembea, ukaniambia, "Soma. Lakini usinirudie na shingo ya huyo." Nilicheka mpaka sista akatoka nje kuangalia.

Nilirudi nayo, Mjomba. Ilichukua muda kuota, lakini siku ya mazishi yako ilikuwa imekomaa.

Unajua nataka kumsema nani. Mzee Mbano, fundi viatu, Mngoni wako. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba babu zetu Wahehe na babu zao Wangoni walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakaona heri watukanane hadi mwisho wa dunia, na huo ndio utani. Niliutungia hata swali la mtihani. Nyinyi wawili hamkuhitaji mtihani. Mbano akipita kwako mchana, kabla ya hodi anauliza, "Mbwa wenu bado yupo, au mmeshakula?" Na wewe bila kuinuka unajibu, "Tulikuwa tunakusubiri wewe ulete panya wa kitoweo." Kisha mnakaa, mnamiminiana pombe ya ulanzi, mnatukanana mpaka jua linazama, na mama Deo anawatazama kama watoto waliomshinda.

Mama Deo alipofariki, ulikaa kwenye mkeka huli, husemi, hulii. Tuliogopa. Watu walikushika mikono wakakusomea Maandiko, na wewe ulikuwa unatazama ukuta. Makaburini, kabla jeneza halijashushwa, Mbano akarukia ndani ya shimo na koti lake, akajilaza chali, akafumba macho. Akasema, "Kaburi refu hili, la nini? Mwanamke mwenyewe alikuwa akinipimia ugali kwa kijiko. Sitoki mpaka nimepewa jogoo." Wote tukakutazama wewe. Na wewe, kwa sauti iliyokuwa imeota kutu, ukasema, "Mpeni huyo mla panya jogoo wake, atoke kwenye kitanda cha mke wangu." Ukacheka. Kicheko kikakukatikia kooni, kikageuka, ukalia kama mtu anayetapika sumu. Jioni ile ulikula.

Ndipo mkaahidiana, mimi nikiwapo, kwamba atakayetangulia, mwenzake atashuka kumpimia kaburi.

Alikuja kutimiza. Alifika kwa miguu kutoka barabara kuu, amevaa gauni la mkewe juu ya suruali, sufuria kichwani kama kofia ya askari, mkononi anaburuta kamba ya mbwa isiyo na mbwa. Alisimama nyuma ya turubai akaanza kuomboleza kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni: "Mbwa wa Iringa, njooni mshukuru. Amekufa. Amekufa aliyewamaliza ndugu zenu." Wazee waliokuwa wamekaa kwenye nyasi, kwa sababu viti vilikuwa vya wageni, waliinua vichwa. Niliona mabega yanaanza kutikisika. Hata Deo, mdomo wake ulicheza pembeni kama alivyokuwa mdogo akizuia kucheka kanisani. Kisha akageuka akamtazama mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa ameinua nyusi.

Deo akaja akainama sikioni kwangu. "Dada, mkubwa wa ukoo ni wewe. Sema neno. Huyu mzee atatuaibisha."

Aliniuliza, Mjomba. Hilo ndilo linaloniamsha. Hakuamua yeye, aliniachia mimi, na nadhani ndani ya moyo wake aliomba nimwambie akae chini, kwamba huyo ni mtani wa baba yake na shimo lile ni haki yake. Ningesema hivyo, angetii. Lakini niliziogopa nyusi za mtu nisiyemjua jina. Nikasema, "Mtoeni. Taratibu, lakini mtoeni."

Vijana wa fulana wakamshika makwapani. Uso wako kwenye vifua vyao ulikuwa ukimsukuma Mbano kutoka msibani kwako. Sufuria ikadondoka ikabingirika hadi miguuni pa wapishi, mmoja akaiokota akadhani ni yao. Mbano hakupigana. Alipopita karibu yangu alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, hilo kaburi halijapimwa."

Ukashushwa. Mshereheshaji akashukuru kampuni ya maua.

Tangu siku hiyo hakuna anayekutaja akicheka. Unatajwa kwa sauti ya chini, "marehemu mzee wetu," kana kwamba ulikuwa askofu. Wamesahau kwamba ulikoroma mpaka mbuzi wakahama upande wa nyumba. Na Deo hajalia. Mkewe ndiye aliyeniambia. Anakwenda kazini, anagombana na mafundi, akirudi anakaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Anatazama ukuta, Mjomba. Nilipolisikia hilo nilielewa nilichokifanya. Nilidhani nimekunyima wewe tu.

Mwezi uliopita nilimwambia Neema nakwenda Iringa. Akasema daktari amekataza. Nikamwambia daktari si mtani wetu. Alinilaza kiti cha nyuma cha gari, na tulipofika Makambako nilitapika kwelikweli. Nilipomaliza nikajisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu mazishi.

Tulinunua jogoo njiani. Mbano hashoni tena, macho yamekwisha, lakini bado anakaa kwenye kibanda chake na viatu vya watu waliosahau kuja kuvichukua. Nilisimama mbele yake na hotuba niliyoiandaa njia nzima. Hakuniacha niianze. Alimpapasa jogoo, akanipapasa mkono, akasema, "Wote wagonjwa. Mmekubaliana nani atangulie?"

Basi nikajua nimesamehewa.

Nikamwomba twende kwako. Unajua ulivyojengewa: marumaru nyeupe juu hadi chini, na msalaba wa chuma unaong'aa. Mbano alipitisha viganja juu yake pole pole, pembe hadi pembe, kama anayetafuta ubovu wa ngozi. Kisha akasema, "Mhehe huyu mmemlaza chooni. Tena choo cha hoteli. Na hajui hata kuvuta maji." Akapanda juu, mzee yule na magoti yake, akajilaza chali na viatu vyake, akajinyoosha. Akatangaza kwamba wamekukadiria vibaya, kwamba siku zote ulikuwa mfupi, ni kofia tu iliyokuwa ikikusaidia. Nilicheka mpaka Neema akanishika kiunoni. Halafu kile kingine kikaja. Sikuwa nimekulilia, Mjomba. Mkubwa wa ukoo alikuwa na shughuli ya kupiga makofi.

Lakini usidhani dunia imenyooka. Jirani alituona, habari zikamfikia Deo, na Deo ameweka uzio wa nondo kuzunguka kaburi lako, na kufuli. Anasema kaburi si uwanja wa michezo. Umefungiwa, Mjomba, wewe ambaye mlango wako ulizibwa kwa gunia maisha yako yote.

Nikampigia simu. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe: kwamba siku ile aliniuliza jambo la haki nami nikamjibu kwa woga, na kwamba aibu aliyoihofia ilikuwa imekaa kwenye kiti cha kitambaa cheupe. Akauliza, "Alisema nini hasa, kuhusu marumaru?"

Nikamwambia. Choo cha hoteli, na kuvuta maji.

Nikasikia pumzi yake ikikatika. Sijui kama kilikuwa kicheko au kile kingine kinachokuja baada ya kicheko. Simu ikazimwa, na mpaka naandika hajapiga tena. Kufuli bado lipo. Nangoja.

Na hapa nyumbani nako yameanza. Wajukuu wana kundi kwenye simu zao la maandalizi yangu, wanadhani sijui. Nimeona wanajadili rangi ya sare, nikiwa hai, nikiwa nimekaa sebuleni nawaagizia chai. Neema aliniuliza juzi, kwa upole kama anayeuliza saa, ni picha gani ninayoipenda. Nikamwambia naipenda ile ambayo haitabandikwa kwenye kifua cha mtu.

Kwa hiyo nakuahidi, na Neema nimemwapisha kwa mkono wake juu ya kichwa changu. Kwenye mazishi yangu hakutakuwa na mgeni rasmi. Mbano atashuka kunipima, akisaidiwa kushuka na kusaidiwa kupanda, na akinitangulia atakuja mtoto wake. Atasema atakalo: kuhusu shingo yangu, kuhusu chai yangu isiyo na sukari, kuhusu mwalimu aliyefundisha utani akaufukuza ulipokuja kumwamkia. Nimeagiza Deo awekwe karibu na shimo, mstari wa mbele, asiweze kugeuka kutazama nyusi za mtu. Pengine nitamfaa zaidi nikiwa nimelala kuliko nilivyomfaa nikiwa nimekaa.

Nilikuwa na ombi moja kwa Mbano kabla hatujaachana. Mhehe hawezi kumtania Mhehe mwenzake kaburini, kwa hiyo nilimwomba aniazime tusi moja nikuage nalo. Alifikiri sana. Akasema matusi yake mapya haazimishi, ila lipo moja kuukuu, limechakaa kwa kutumiwa kwako, nikitaka nichukue.

Nimelichukua. Kwaheri, mla mbwa. Punguza kukoroma, na usogee ukutani. Ulizoea kuchukua kitanda kizima, na wengine tunakuja.

Mpwa wako,
bata mzinga wa masista