Wali wa Salimu

Kisauni, Jumatano, Februari 1961

Nimekula tena, na njaa sikuwa nayo.

Juzi nesi wa zahanati aliponipima uzito aliniambia, "Mama, kabla hujatia tonge kinywani, andika lililo moyoni mwako." Nilimwona kijana asiyejua dunia, wallahi. Leo nikajaribu, sufuria ikiwa mapajani.

Bado napika vibaba viwili vya mchele, kama zamani, kabla mwanangu Salimu hajapanda meli. Miezi minane sasa, barua hakuna. Sehemu yake naila mimi jikoni, mbiombio, babake asije akaona wali umebaki.

Nikaandika: nikipika kibaba kimoja, nitakuwa nimekubali kwamba harudi.

Nikayasoma mara mbili. Wali ulikuwa umeshapoa.

Nikaumaliza wote.