Galana ya Mama Sabdio

Bergen, 14 Aprili 2025

Dada Kaltuma,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe? Mama hajambo, na ule mguu wake? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Norwei haijasikia kwamba ni Aprili.

Nina swali la haraka, nijibu kwa barua pepe hii hii. Mwezi ujao, hapa chuoni, nitasimama mbele ya maofisa wa jeshi la wanamaji kutoka nchi sita. Wanapenda kusikia habari za maharamia na magendo. Mimi nataka wasikie pia kuhusu vijana wetu wanaozama wakihama, ili meli zao zikiona mashua mbovu ziokoe kwanza. Nina orodha ya watu ishirini na wawili wa kaunti yetu waliopotea baharini. Wa ishirini na tatu huenda ni Wato, mtoto wa Mama Sabdio wa Merti. Katika sauti uliyorekodi, mama anasema kijana alipotelea "galana", nawe uliliacha neno lilivyo. Kiborana changu ni cha kununulia maziwa, unajua, lakini nasikia galana ni bahari na ni mto pia. Wewe ndiye uliyekuwepo. Hapo alimaanisha nini?

Mdogo wako,
Habsa

Isiolo, 16 Aprili 2025

Mdogo wangu Habsa,

Waaleikum salaam. Sisi tuko salama. Mguu wa mama una nafuu, asante kwa kuukumbuka katikati ya maofisa wa nchi sita.

Picha zako nimeziona. Koti limekukaa. Wewe uliyekuwa unafumba macho gari likipita daraja la Archer's, leo unawafundisha wanamaji! Sikufichi, nilizima simu nikalala mchana kutwa. Nafasi ile ya utafiti ya mwaka mmoja tuliiomba sote wawili. Mimi ndiye niliyekaa chini na wale kina mama wa Merti siku tisa nikila vumbi, wewe ukiwa Garbatulla unauguza tumbo. Ripoti ya kazi hiyo uliyonitumia nimeisoma yote. Jina lako liko juu, kubwa. Mimi niko ukurasa wa mwisho, na si jina, ni "mtafsiri wa Isiolo". Hata Akai wa kamati ya amani aliponiuliza kama nami nimo, nilimwambia sijaisoma bado.

Umeuliza neno. Ni bahari. Andika bahari.

Dada yako,
Kaltuma

Bergen, 2 Juni 2025

Dada Kaltuma,

Asalaam aleikum. Habari za nyumbani, na mvua imewafikia? Mimi mzima, alhamdulillahi.

Ilikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Nilipofika kwa Wato, ofisa mmoja alinisimamisha akataka nimsomee jina tena, akaliandika. Sasa chuo kitatafuta watu wa orodha yetu katika makaburi yasiyo na majina kule kusini mwa Ulaya. Wiki ijayo watu wetu watakwenda Merti kuchukua mate ya Mama Sabdio, ili vinasaba vyake vilinganishwe na vya maiti wa makaburi hayo. Na wameniongezea mwaka wa pili! Suala la jina lako nimelisema, wanadai majina ya wasaidizi hayawekwi. Usinikasirikie, nitarudia kuwaambia.

Mdogo wako,
Habsa

Isiolo, 19 Agosti 2025

Habsa,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima. Umeniandikia mara mbili tena sikujibu, na hii ya leo usiisome mbele za watu.

Jana Mama Sabdio alikuja kwetu. Alitoka Merti kwa pikapu, akauliza nyumba hadi nyumba hapa Bulla Pesa mpaka akanipata. Watu wenu walimwambia Wato yumo katika orodha ya waliopotelea baharini, na kwamba bado wanamtafuta. Yeye alichoshika ni hilo la kutafutwa. Tangu siku hiyo ametandika kitanda cha mwanawe.

Akaniambia, "Mimi nilidhani mto ulimchukua pamoja na mbuzi. Kumbe alitokea ng'ambo, akaona haya kwa sababu ya mbuzi, akaenda zake mbali. Wewe una kalamu. Mwandikie huyo msichana anayemtafuta, amwambie Wato mbuzi nimesamehe. Arudi tu."

Nilichukua kalamu, nikaandika mpaka neno "mbuzi", nikashindwa.

Habsa, ni mto. Ni Ewaso Nyiro, yale mafuriko ya mwaka juzi. Alipotamka galana, mama alinyoosha mkono kuelekea mtoni, nyuma ya boma lake. Simu ilirekodi sauti, mkono haikuuona. Mimi niliuona. Uliponiuliza nilijua, nikakudanganya. Nilitaka mtu asimame kati ya wale maofisa akuulize swali ukose jibu, halafu waulize ni nani basi anayejua. Ni wivu, Habsa. Kila picha yako ilinichoma, na kila siku nilikuwa naitafuta nyingine.

Nilimwambia Mama Sabdio ukweli. Alisukuma kikombe cha chai kando. Kisha akauliza, "Kwa hiyo amekufa tena?" Afadhali angenilaani. Alijitanda leso yake akaenda stendi, na nilipotaka kumsindikiza alikataa.

Mtoe Wato kwenye orodha.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo,
Kaltuma

Bergen, 30 Septemba 2025

Kaltuma,

Waaleikum salaam. Mguu wa mama unaendeleaje?

Jina nimelitoa. Nimewaandikia chuo na maofisa wote kwamba kosa ni langu, nililitafsiri neno nisilolijua. Mwaka wa pili wameufuta, nitarudi Desemba. Nimemwandikia pia Mama Sabdio kumwomba radhi, mwalimu Chachu wa shule ya Merti atamsomea. Wewe sikukutaja popote, kwa hiyo usiogope, hakuna atakayekuuliza. Kama nimekusamehe, sijui. Labda nitajua tukionana.

Mdogo wako,
Habsa

Isiolo, 2 Oktoba 2025

Habsa,

Asalaam aleikum. Mama ni mzima, anakusalimu, hajui kitu.

Kesho nakwenda Merti kwa pikapu ya asubuhi. Sijui kama Mama Sabdio atanipokea.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umebeba mzigo wangu mbele ya nchi sita, na watu watasema Habsa ni mkweli, Habsa ni jasiri. Unaona nilivyo? Mpaka leo nakuonea wivu, na safari hii ni wivu wa kosa langu mwenyewe. Hata hilo umelichukua wewe.

Waandikie tena. Waambie Mama Sabdio alisema mto, tena akauonyesha kwa mkono. Waambie aliyeligeuza neno alikuwepo, aliona, na alijua. Usiandike "mtafsiri wa Isiolo". Andika jina langu lote, na uliweke juu.

Kaltuma Jirma Dabasso